Rubani, Bondia na Mizani Yenye Njaa

Jumamosi, tarehe 12 Novemba mwaka 1988, saa tatu na robo asubuhi, ndege ya Kapteni Isabirye ilikuwa ingali inakimbia.

Tuliiacha papo hapo wiki iliyopita: kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji wa Mbale, imebakiwa na hatua mia mbili tu, magurudumu yameng'ang'ania ardhi kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama jikoni. Mbele palikuwa na ua wa seng'enge. Nyuma ya ua, shamba la mihogo. Katikati ya mihogo, kichuguu kirefu kuliko mtu.

"Kapteni, ndege haipai!" alisema Nambozo, karani wa mizigo, aliyekuwa ameketi nyuma juu ya magunia kumi ya maharage.

"Nimeona."

"Na kichuguu je?"

"Nacho nimekiona."

Bondia aliyekuwa ndani ya Isabirye alimwambia: songa mbele, usirudi nyuma. Rubani aliyekuwa ndani yake alimwambia: mnyamazishe huyo bondia. Kwa bahati, siku hiyo rubani ndiye aliyesikilizwa. Alikata nguvu za injini, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Nyasi zilikuwa zimelowa mvua. Ndege iliteleza, ikalala upande kidogo, ikaubeba ua wa seng'enge kama mkufu, ikaingia shambani. Iliposimama, pua yake ilikuwa imebakiza mkono mmoja kukigusa kichuguu. Mchwa walitoka kutazama wageni.

"Tumefika Soroti?" aliuliza Nambozo.

"Bado kidogo," alijibu Kapteni.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, ni haki waelezwe. Isabirye ni kijana wa Walukuba, kule Jinja, katika zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Kupigana alijifunzia katika ukumbi wa Walukuba; kurusha ndege alijifunzia Soroti. Kwa Kisoga, Isabirye ni jina apewalo baba wa mapacha. Huyu hakuwa na mtoto hata mmoja, ila alikuwa na kazi mbili pacha, zote zikililia ziwa moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa katika Kampuni ya Ndege ya Korongo, yenye makao Jinja na yenye ndege nyingi kiasi cha moja. Barabara ya kwenda Soroti ilikuwa imefungwa na vita. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbia vijiji vyao na kukusanyika Soroti, wakingoja maharage, na maharage yalikuwa hayana njia nyingine ila mbingu.

Kazi ya pili ilikuwa ngumi za kulipwa. Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, katika uwanja wa manispaa ya Mbale, alitakiwa kupigania Mkanda wa Mashariki, uzito wa welta, dhidi ya Mkenya aitwaye Wanyama, wa Bungoma. Kampuni ilikuwa imempa ruhusa kwa ukarimu mkubwa: apigane siku yoyote apendayo, mradi asubuhi yake arushe ndege kwanza. Daktari wa marubani alikuwa akiyataka macho yake yawe mazima. Wapinzani wake nao walikuwa wakiyataka macho hayo hayo.

Basi turudi mihogoni.

Bwana Gaster, mkaguzi wa usalama wa ndege, alifika akitembea. Hakukimbia. Mkaguzi akikimbia, watu watadhani kuna hatari.

"Kapteni, umeamua kulima?"

"Ndege ilishindwa kupaa, bwana."

"Injini?"

"Nzima. Zote mbili."

"Upepo?"

"Mzuri. Ulitoka mbele."

"Mzigo?"

Nambozo alimpa karatasi ya mizigo. Bwana Gaster aliisoma kwa sauti, kama mtu asomaye wasia. Magunia kumi. Kila gunia kilo tisini. Jumla kilo mia tisa. Kiwango cha juu cha mzigo wa ndege hiyo: kilo mia tisa. Uzito wa rubani: kilo sitini na sita. Chini kabisa, sahihi ya Kapteni Isabirye, yenye mkia mrefu wa kujivunia.

"Injini nzima, upepo mzuri, mzigo sahihi," alisema mkaguzi. "Kimebaki chombo kimoja ambacho hakijakaguliwa." Aliitazama pua ya Kapteni, iliyokuwa imevunjwa mara mbili. "Unapigwa kichwani mara ngapi kwa mwezi?"

"Inategemea mpinzani, bwana."

"Nipe leseni."

"Bwana Gaster, wale watu wa Soroti..."

"Wale watu wa Soroti wanangoja maharage, hawangoji maiti. Nipe leseni. Ripoti yangu naiandika saa nane mchana. Kabla ya hapo, kama unayo sababu nyingine iliyoizuia ndege hii, sababu isiyokuwa wewe, niletee."

Leseni iliingia katika mfuko wa koti la mkaguzi. Askari aliyekuwa akilinda kiwanja alimsogelea Kapteni kumfariji.

"Usijali, afande. Bado una ngumi."

Sasa ndege ilitakiwa kutolewa shambani, na kabla ya kutolewa ilitakiwa kupakuliwa. Wapagazi wanne waliitwa kutoka mtaa wa Namatala. Ni watu ambao tangu ujana wao hawajabeba kitu chepesi kuliko gunia. Wa kwanza alijitwika moja, akayumba, akaliteremsha tena.

"Mama karani, hili umeliandika kilo ngapi?"

"Tisini."

Mpagazi alicheka hadi akakohoa. "Mama, mgongo wangu haujasoma, lakini kuhesabu unajua. Hili ni mia."

"Na hilo lingine?"

"Mia. Na lile pale mia. Nani aliyewapimia?"

Nambozo aliketi ghafla juu ya mhogo uliong'oka, amejishika kichwa.

Ni lazima hapa nieleze habari ya mizani. Kiwanja cha Mbale kilikuwa na mizani yake, nzuri, ya serikali. Mwaka 1986, jeshi lililoshindwa lilipokuwa likipita kuelekea kaskazini, mizani hiyo nayo iliamua kuondoka. Ilipanda lori bila kuaga, na haijaandika barua hadi leo. Tangu hapo, magunia ya ndege yalikuwa yakipimwa katika ghala la Hajji Magidu, pale Malukhu, juu ya mizani yake ya kununulia kahawa.

"Kapteni," alisema Nambozo polepole, "mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Kwetu milimani, mizani ya Hajji Magidu tunaiita Fisi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inakula. Ukipeleka kilo mia, inasoma tisini."

Isabirye alimtazama. "Ulijua?"

"Bugisu yetu nzima inajua."

"Ulijua, na kila safari ukayapandisha maharage yangu juu yake?"

"Nilidhani inaiba kahawa!" alilia Nambozo. "Haki ya Mungu, sote tulidhani inaiba kahawa tu. Nani angefikiri kwamba inaiba na maharage? Safari zilizopita tulikuwa tukibeba magunia saba, manane, haikuonekana. Leo tumejaza kumi."

Kilo mia moja! Gunia zima ambalo halikuandikwa popote lilikuwa limepanda ndege kama bwana mkubwa. Isabirye aliruka kwa furaha. Sababu ilikuwa imepatikana, na haikuwa yeye! Alianza kumfuata mkaguzi mbio.

Hakufika mbali. Hatua ya kumi alisimama, kama mtu aliyepigwa ngumi ya ini.

Kwa muda wa wiki sita, akifanya mazoezi Mbale, alikuwa amejipima kila asubuhi juu ya mizani hiyo hiyo. Kiwango cha welta ni kilo sitini na sita na nusu. Kila asubuhi mizani ilimwambia: sitini na sita, hongera. Naye kila mchana alijipongeza kwa malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga, kwa matoke, kwa mguu wa mbuzi. Alishangaa jinsi mwili wake ulivyokuwa mtiifu. Alidhani ni hewa ya mlima Wanale.

"Nambozo," alisema, "mtu akisomwa sitini na sita na Fisi, ana ngapi?"

Nambozo alihesabu kwa vidole, akamtazama tumboni, akatazama pembeni kwa adabu.

"Sabini na tatu, Kapteni. Ungeuliza mapema ningekuambia. Lakini ulikuwa na furaha sana."

Ndipo msomaji aone mtego ulivyotegwa. Mizani ikiwa ni ya kweli, Isabirye ni rubani mzembe, na leseni yake imekwenda. Mizani ikiwa ni mwongo, Isabirye ni bondia mnene, na mkanda wake umekwenda. Mizani ilikuwa moja, na yeye alikuwa mmoja.

Saa tano na nusu alifika Malukhu. Hajji Magidu, mnunuzi wa kahawa, ambaye pia ndiye mwandaaji wa pambano, alimpokea ghalani kwa mikono miwili. Tayari alikuwa amesikia. Katika mji wa Mbale, habari ya aibu huwa haingoji usafiri.

"Mwanangu, karibu! Pole kwa mihogo. Saa sita tunapima uzito, wewe na yule Mkenya, papa hapa."

"Juu ya Fisi?"

Hajji hakukasirika. Alifunga mlango. "Nisikilize, mwanangu. Marubani ni wengi."

"Katika kampuni yetu tuko wawili, Hajji, na mwenzangu ana malaria."

"Lakini bingwa ni mmoja. Nakuomba unyamaze nusu saa tu. Ukisema mizani ni nzima, unapigana na mtu uliyemzidi kilo saba, unamlaza kabla ya raundi ya tatu, jioni una mkanda, mwezi ujao unapigana Nairobi. Ukisema ni mbovu, una nini? Una ndege isiyo yako, na kilo saba zilizo zako."

"Na leseni yangu?"

"Leseni! Utakula karatasi?"

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Aliingia mwanamke wa makamo, amejifunga gomesi ya kijani, amebeba kikapu, uso wake una vumbi la njia nzima ya kutoka Jinja. Alikuwa Namukose, mama yake Kapteni, aliyekuja na basi la mashabiki wa Walukuba. Hakumsalimu mtu. Alimzunguka mwanawe mara moja, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Umenenepa," alisema.

"Mama, nina kilo sitini na sita."

"Nani kasema?"

"Mizani."

"Mizani ilikubeba mgongoni miaka miwili? Mimi nilikubeba. Hata viwiko vyako vimenenepa."

Hajji Magidu alikohoa. "Mama, shikamoo ya kwetu hatujapeana. Nilikuwa namwambia kijana kwamba leo, inshallah, tutamvika mkanda."

"Nimesikia. Sauti yako inapita mlangoni kama panya." Namukose aliweka kikapu chini. "Huo mkanda ni wa nini?"

"Wa ngozi, mama. Una shaba katikati."

"Ngozi. Na wale watu walioko Soroti, wataupika kwa maji mangapi?"

Hajji aliitazama mizani yake. Isabirye naye alitazama viatu vyake. Nje, ngoma ya mashabiki wa Walukuba ilianza kulia, ikimsifu bingwa kwa majina ambayo mama yake hakumpa.

Saa sita kamili, ghala lilijaa. Upande mmoja walisimama mashabiki wa Jinja. Upande wa pili walisimama madereva na mataniboi wa Kenya waliokuja kumwunga mkono mwenzao. Katikati walijaa wakulima wa kahawa walioshuka milimani na magunia yao, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno, na mizani ya kahawa haiendi likizo kwa ajili ya ngumi. Bwana Gaster alisimama ukutani, leseni mfukoni, akitazama saa.

Aliyepanda kwanza alikuwa Wanyama. Alikuwa taniboi wa lori la Malaba, mwenye mabega kama mlango wa lori hilo. Jana yake alikuwa amepimwa hospitalini Bungoma: kilo sitini na sita, barabara. Alipanda juu ya sahani ya chuma kwa kujiamini. Mshale ulitetemeka, ukatulia.

"Kilo hamsini na tisa na nusu!" alitangaza msimamizi wa mchezo.

Wanyama aliinama kuutazama mshale. Akashuka. Akapanda tena. Hamsini na tisa na nusu.

"Nicanor!" alimwita kocha wake kwa sauti ya mtu aliyeona jeneza lake. "Nicanor, mimi ni mgonjwa!"

"Ulihara njiani?"

"Wapi! Nilikula ugali Malaba, nikafika Tororo nikala tena!"

"Basi ulikula nini Tororo?"

"Ugali, bwana! Kilo saba zimeenda wapi? Jameni, nitakufa mbali na kwetu!"

Wakulima wa kahawa walitazamana. Mmoja alianza kucheka chini kwa chini, akaziba mdomo kwa kofia. Walikuwa wakijua kilo saba zilikokwenda. Zilikwenda zilikokwenda zao.

"Mgonjwa au si mgonjwa, amefuzu," alisema Hajji Magidu haraka. "Kapteni, panda."

Isabirye alipanda. Ngoma ilinyamaza. Mshale ulipanda nao, ukasimama palepale uliposimama kwa wiki sita, kwa uaminifu ambao mwongo huwa nao kwa mwongo mwenziwe.

"Kilo sitini na sita! Amefuzu!"

Walukuba ililipuka kwa vigelegele. Hajji alimkonyeza. Ilitakiwa tu ashuke. Atabasamu, ashuke, avae fulana. Hakuna hata neno moja lililotakiwa kutoka kinywani mwake, na ndiyo hatari ya uongo wa namna hiyo: haukuombi usaidizi wowote.

Kapteni Isabirye hakushuka. Alimtazama Wanyama, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia akijipima homa kwa kiganja. Akatazama ukutani, mfuko wa koti la mkaguzi.

"Msimamizi," alisema, "mizani hii ni mwongo. Mimi si sitini na sita. Nina kilo sabini na tatu."

Vigelegele vilikatika kama kamba.

"Amepigwa kichwani!" alipaza sauti Hajji. "Nilisema mimi, hizi ndege zina hewa mbaya! Mizani yangu ni nzima kuliko mwenyewe. Ushahidi uko wapi?"

"Leteni jerikeni ya maji," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Namukose.

"Sisi wa darasa la watu wazima pale Walukuba," alisema akisogea mbele, "tunasoma mara tatu kwa wiki, tukishatoka shambani. Mwalimu ametufundisha kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Nilimwuliza itanisaidia nini maishani. Akasema: siku moja, mama, siku moja. Naona siku yenyewe ndiyo hii. Leteni jerikeni ya lita ishirini."

Nambozo alikuwa ameshatoka mbio. Alirudi na jerikeni ya njano, imejaa hadi shingoni, maji yakimwagikia miguu yake. Waliitua juu ya sahani ya chuma.

"Maji ishirini," alihesabu Namukose, "na jerikeni yenyewe kilo moja. Msimamizi, wewe umesoma zaidi yangu. Ishirini na moja ni ngapi?"

"Ni ishirini na moja, mama."

"Nisomee basi hapo."

"Kumi na tisa."

Watu walisogea kuuona mshale.

"Kumbe hata maji yamefanya mazoezi," alisema Bwana Gaster kutoka ukutani.

Wanyama aliruka kutoka kwenye gunia. "Niko mzima! Nicanor, niko mzima!"

Mzee mmoja wa kahawa alikuwa amevua kofia, anatazama mshale kama mtu anayetazama uso wa aliyemwua ndugu yake.

"Nilikuwa najua," alisema. "Miaka tisa, tangu vita vya Amin viishe, nilikuwa najua. Lakini kujua moyoni ni kitu kimoja, na kuonyeshwa kwa maji ni kitu kingine."

Watu walipogeuka kumtafuta Hajji Magidu, alikuwa amekumbuka mgonjwa wa kumtazama, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Msimamizi alitoa hukumu yake kwa sauti ndogo. Isabirye, kwa uzito uliozidi, ameondolewa. Mkanda wa Mashariki ni wa Wanyama. Hivyo historia ya ngumi ikapata bingwa wa kwanza aliyemshinda mpinzani kwa jerikeni.

"Siutaki," alisema Wanyama. "Nikirudi Bungoma, wataniuliza nilimpiga raundi ya ngapi. Nitasema nini? Nilimpiga raundi ya maji? Kapteni, punguza hizo kilo. Tarehe tatu Desemba lori letu linapita hapa tena. Tutapigana kama watu."

"Nitapunguza," alisema Isabirye.

"Nitasimamia mapishi yake mimi," alisema Namukose, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mwanawe aliogopa kwa kweli.

Bwana Gaster alitoa leseni mfukoni. Hakuikabidhi mara moja. Aliigeuza-geuza, kama mtu anayetafuta bei yake.

"Ripoti yangu nimeirekebisha, Kapteni. Rubani hakuwa mzembe. Alikuwa mnene. Chukua. Magunia tisa, saa nane, nitakuwa nimesimama ukingoni. Lakini nisikilize vizuri. Ukiijaza ndege ile tena zaidi ya kiwango, hata kwa kilo zisizoandikwa za mtu mmoja, leseni hii ikirudi katika mfuko huu haitatoka tena."

Saa saba na nusu ndege ilikuwa imekwisha kuvutwa kutoka mihogoni, imekaguliwa, imesafishwa mchwa. Wapagazi wa Namatala walipakia magunia tisa, ambayo safari hii yaliandikwa kilo mia kila moja kwa ushahidi wa migongo minne. Nambozo aliandika uzito wa rubani upya, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha akapunguza maharage kilo saba kufidia malewa. Waliyafunika magunia kwa turubai. Halafu wapagazi walikwenda ukingoni mwa kiwanja, kwa kuwa Namukose, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alikuwa akiwaeleza habari ya lita na kilo, na elimu ni kitu kitamu. Kwa dakika tano mlango wa ndege ulibaki wazi, bila mtu.

Saa nane kamili, injini zilinguruma. Nambozo alijifunga mkanda juu ya gunia lake. Ndege ilianza kukimbia.

Mara hii Isabirye hakungoja kichuguu. Bondia anajua uzito wa mtu aliyemwegemea; ulingoni, mwenzako akichoka, humlalia begani, na hapo ndipo unapozijua kilo zake zote. Katikati ya kiwanja, mikono juu ya usukani, Isabirye alihisi ndege inamlalia vivyo hivyo. Ilikuwa nzito.

Alikata nguvu. Alikanyaga breki. Ndege ilisimama pazuri, hatua mia tatu kabla ya pengo la ua.

"Kapteni, kuna nini?"

"Hesabu magunia."

"Ni tisa, nimeyahesabu mara tatu!"

"Hesabu tena."

Nambozo aligeuka. Moja, mbili, tatu. Saba, nane, tisa. Gunia la kumi lilipiga chafya.

Turubai lilifunuka. Hajji Magidu alikaa kitako kati ya maharage, kofia imemwinamia sikioni, vumbi la gunia puani. Ni mtu wa kilo themanini na tano, kwa mizani yake mwenyewe.

"Endelea, mwanangu," alinong'ona. "Kwa nini umesimama? Wanakuja!"

Ni kweli, walikuwa wanakuja. Kutoka barabara ya Malukhu lilitokea kundi la wakulima, wanaume kwa wanawake, mbele yao vijana wanne wamejitwika Fisi yenyewe mabegani kama maiti.

Lakini aliyefika wa kwanza alikuwa Bwana Gaster, akitembea. Alifungua mlango. Alimtazama Hajji. Aliitazama karatasi ya mizigo. Alimtazama Isabirye.

"Kapteni, huyu ameandikwa wapi?"

"Bwana, sikujua kama yumo!"

Hapo Hajji Magidu, aliyeona wakulima mlangoni upande mmoja na serikali mlangoni upande wa pili, alichagua serikali.

"Anadanganya, mkaguzi!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni yeye aliyenificha. Tulipatana asubuhi, ghalani kwangu, mlango umefungwa. Mwulize mama yake. Alikuwepo."

Bwana Gaster alinyosha kiganja kuipokea leseni. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aligeuka kwanza kwa Namukose, aliyekuwa amefika akihema, gomesi imekusanywa mkononi.

"Mama, wewe leo umetufundisha ukweli. Nijibu. Asubuhi walizungumza ghalani, mlango umefungwa?"

Namukose alimtazama mwanawe. Hakuwa amewahi kusema uongo, hata kwa mwalimu wake wa hesabu.

"Walizungumza," alisema.

"Na mwanao alimjibu nini Hajji? Alikataa?"

Namukose alikumbuka vizuri sana. Yalikuwa maneno ya mkanda, si ya kujificha, lakini mwanawe hakukataa. Alikuwa ametazama viatu vyake.

Kiganja cha mkaguzi kilikuwa bado kimefunguliwa, na Soroti ilikuwa bado inangoja.

Msomaji, usilifungie karanga gazeti hili kabla mwenzako hajalisoma. Mvushie jirani, naye amvushie wake. Na kama kati yao kuna mwenye mizani, msomeeni kwa sauti.